Maziwa Katika Kibuyu, Maziwa Katika Damu

Mhadhara kwa wananchi wa Tabora

 

Mezani nimeweka vitu viwili. Cha kwanza mnakijua wote: kibuyu cha maziwa ya mgando, nilichopewa na mama mmoja mfugaji wa upande wa Nzega. Ukikizibua, kinachokupokea kwanza ni harufu ya moshi, kwa sababu alikifukiza ndani kwa kijinga kabla ya kutia maziwa. Uchachu unafuata baadaye. Ukikitikisa unasikia mabonge yakigonga ukutani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Cha pili ni picha. Niliipiga maabara, na mwenye damu hiyo aliniruhusu niionyeshe. Jina lake linabaki kwangu. Ni tyubu ya kioo iliyolala kwenye jokofu usiku kucha. Chini pana damu iliyoganda, nyekundu iliyokoza. Juu ya hiyo damu huwa tunategemea kuona maji ya manjano, angavu, kiasi kwamba ukiweka gazeti nyuma ya tyubu unasoma maandishi. Tazameni hapa. Maji hayo ni meupe na mazito kama tui la kwanza, na juu kabisa umepanda utando wa malai. Hayo ni mafuta. Mtu huyu alikuwa akitembea mjini na maziwa ndani ya mishipa yake, na hakujua mpaka siku tumbo lilipomkata akashindwa kusimama wima.

Swali lililotukutanisha leo ni kama maziwa ya kibuyuni yanaweza kuyaondoa haya ya kwenye damu. Mnaniuliza kila wiki. Kuna vidonge vya probiotiki vinauzwa maduka ya dawa kwa bei ya kuumiza, na kuna ujumbe unazunguka kwenye simu kwamba bilauri ya mtindi asubuhi na jioni inamaliza mafuta ya damu. Jibu langu nalitoa sasa ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nalo: mtindi unasaidia, lakini kwa kiasi, na nguvu yake kubwa kwetu imo katika kile unachokiondoa mezani kuliko katika vijidudu vyenyewe. Saa hii iliyobaki ni ya kueleza kwa nini nasema hivyo.

Mafuta yaliyoonekana kwenye tyubu yanaitwa trigliseridi. Si kitu kimoja na kolesteroli, ile ambayo wengi huiita lehemu. Kolesteroli ni kama udongo wa kujengea. Mwili unaitumia kutengeneza kuta za chembe na homoni. Trigliseridi ni akiba ya chakula, ni posho. Na hapa nina bahati ya kusema na watu wa Tabora, kwa maana nyinyi neno posho mnalijua lilikotoka. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba frasila mbili za pembe, karibu kilo 32, kutoka hapa hadi Bagamoyo, alipewa posho yake kwa kibaba cha nafaka kwa siku.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mafuta hayawezi kusafiri peke yake, lazima yabebwe. Mwili una wapagazi wake, vifurushi vidogo vya protini vinavyobeba mafuta ndani. Misafara ni miwili. Mmoja unatoka kwenye utumbo kila baada ya kula, umebeba mafuta ya chakula. Wa pili unatoka kwenye ini, na huu ndio unaowaponza wengi, kwa sababu ini halisubiri ule mafuta ndipo litengeneze mafuta. Ukilipa sukari kupita mahitaji, ukilipa wanga mwingi au pombe, linageuza ziada hiyo kuwa trigliseridi na kuituma njiani. Mtu anaweza kuapa kwamba hagusi nyama ya mafuta, na akawa anasema kweli, na damu yake ikawa tui.

Misafara hiyo inakwenda sokoni, na soko kubwa ni misuli. Kuna kimeng'enya kimekaa kwenye kuta za mishipa midogo, kazi yake ni kutua mizigo: kinapasua trigliseridi, misuli inachukua inachohitaji kuchoma. Misuli inayofanya kazi hununua sana. Misuli iliyokaa kwenye kiti tangu asubuhi hainunui. Basi misafara inarundikana njiani, kama ilivyokuwa hapa Unyanyembe njia ilipozibwa na vita vya Mirambo mwaka 1871, bidhaa zikakaa na wasafiri wakakaa.

Kwa kipimo, trigliseridi chini ya milimoli 1.7 kwa lita ni salama. Kwa maabara zinazotumia miligramu, hiyo ni 150. Kuanzia 2.3 tunasema ziko juu. Zikifika 5.6 na kuendelea, hofu yetu inahama kutoka kwenye moyo kwenda kwenye kongosho, kwa kuwa kongosho linaweza kuwaka ghafla na kuua. Huyo mwenye tyubu yangu alikuwa amepita huko mbali. Na msidhani ni jambo la wachache: uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliopima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 33.8 yao trigliseridi zimepanda. Mtu mmoja katika kila watatu. Hesabuni safu mliyokaa.

Sasa nirudi kwenye kibuyu.

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, wasafiri Waingereza Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani hapa mlipokaa. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi kwa wenyeji, na maneno yake mengi kuhusu wazee wetu hayafai kurudiwa. Lakini alikuwa na sikio la lugha. Katika kitabu alichokitoa 1860 aliandika namna watu wa njia hii walivyokunywa maziwa, akataja majina yake: mabichi, mabivu na mtindi. Akaeleza kwamba yaliyoganda ndiyo yaliyopendwa kila mahali kwa kuwa yanapoza na kukata kiu, na kwamba hata maziwa yaliyokamuliwa papo hapo yalikuwa nusu yamechachuka kwa sababu yalitiwa moja kwa moja kwenye vibuyu vya kugandishia. Zaidi ya miaka 160 imepita, na leo ukienda sokoni ukasema mtindi, utapewa mtindi.

Wazee hawakuwa na neno bakteria. Walikuwa na kibuyu kisichooshwa kwa sabuni, na walijua kwamba kibuyu kizuri ni kilichozoea. Kinachobaki kwenye nyuzi za ukuta wake wa ndani ni mbegu ya jana, na mbegu hiyo inakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Ndiyo maana yanaganda, ndiyo maana hayaozi upesi. Togwa ni vivyo hivyo. Uji wa mahindi au mtama unapozwa, unatiwa kimea cha ulezi, unalala. Kesho yake ni kinywaji chenye uhai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wakiwa na wenzao wa Norway, waliichunguza togwa yetu na kukuta humo Lactobacillus plantarum na jamaa zake kadhaa pamoja na hamira za asili. Naifurahia kazi hiyo kila nikiisoma, maana kitu ambacho watoto wetu wamekinywa kwa vizazi kimeitwa kwa jina lake.

Lakini si kila kilichochachuka ni probiotiki. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana maana ya neno hilo: vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha vinampa faida ya kiafya anayevitumia. Shikeni maneno matatu: hai, kiasi, faida iliyothibitishwa. Yoghati iliyochemshwa baada ya kuganda ili ikae dukani miezi haina tena vilivyo hai. Na faida ya aina moja ya kijidudu haihamii kwa nyingine kwa sababu tu ni ndugu. Mbwa wa mjini na mbwa wa kuwindia wote ni mbwa.

Je, kuna faida iliyothibitishwa kwa trigliseridi? Ushahidi wa kwanza uliosisimua ulimwengu ulitoka kwa jirani zetu. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai hapa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, wakawakuta na kolesteroli ya chini na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1974 Mann na mwenzake Spoerry waliandika juu ya Wamasai 24 walionyweshwa maziwa mengi yaliyochachushwa. Wengine waliongezeka uzito, na bado kolesteroli ilishuka. Hapo ndipo hadithi ya mtindi na moyo ilipoanza kusafiri.

Wanaoisimulia huwa wanaruka ukurasa wa katikati. Mwaka 1972 Mann huyohuyo alitoa matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa. Mafuta yalikuwa yamejipaka kwenye kuta za mishipa, tena si kidogo. Ila mishipa ya moyo ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, damu ikapata pa kupita, na yeye akaona sababu kuwa ni mwili uliojengwa kwa kutembea. Kibuyu kilikuwa begani, na bega lilikuwa njiani. Aliyekunywa maziwa yale hakuyanywa ameketi. Na tena, kilichopimwa kushuka mwaka 1974 ni kolesteroli, si trigliseridi. Tukiyabeba matokeo ya kitu kimoja na kuyaweka kichwani mwa kingine tutakuwa tunawadanganya wagonjwa.

Kwa trigliseridi zenyewe, kazi ninayoiheshimu ni ya Korea Kusini. Mwaka 2015 watafiti wa huko walitoa matokeo ya watu wasio na kisukari ambao trigliseridi zao zilikuwa juu, waliopewa aina mbili za vijidudu pamoja, Lactobacillus curvatus HY7601 na Lactobacillus plantarum KY1032, kwa wiki 12. Trigliseridi zilishuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Tena waliona protini moja imeongezeka kwenye damu, ile inayokisaidia kile kimeng'enya cha kutua mizigo. Kwa lugha ya msafara, dalali wa sokoni aliongezewa bidii. Ni habari njema. Ila ukikusanya tafiti za nchi nyingi na aina nyingi za probiotiki, picha inafifia: kolesteroli mbaya hushuka kidogo mara kwa mara, trigliseridi mara zinashuka, mara hazitikisiki. Kwa mtu mwenye 3.0, kushuka kwa moja ya tano kunamfikisha 2.4. Amesogea, hajafika. Kwa mtu mwenye 12, kumtegemeza kwenye mtindi peke yake ni kumwacha kando ya kaburi.

Hapa kwetu kazi imefanyika pia, ingawa kwa shabaha nyingine. Ukifuata reli kutoka stesheni yetu kwenda kaskazini, ile iliyokamilika 1928, utafika Mwanza. Mtaa wa Mabatini, mwaka 2004, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza yoghati iliyopewa jina Fiti, yenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Waliokusudiwa hasa ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nilichokipenda pale ni kwamba mbegu ya maabara ilikabidhiwa kwa kina mama wenye sufuria na mkaa, na ikawa riziki. Tabora ina ng'ombe wengi mno kwa sisi kununua kidonge cha kutoka ng'ambo.

Na mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kilimanjaro, wa wataalamu wa KCMC Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, juu ya wanaume 77. Wa vijijini walihamishwa kwa wiki mbili kutoka chakula cha asili kwenda chakula cha kizungu; wa mjini wakapelekwa upande wa pili; kundi jingine likanywa mbege kwa wiki moja. Waliokwenda kwenye chakula cha kizungu walionyesha kwenye damu dalili za mwili kuwaka ndani kwa ndani, na mengine ya mabadiliko hayo yalionekana hata wiki nne baadaye. Wa mjini waliopelekwa kwenye maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa walipoa, na wa mbege pia. Msije mkasema daktari kahalalisha pombe! Mbege ina kileo, na kileo kwa mwenye trigliseridi ni kuni kavu. Nimeutaja utafiti huu kwa sababu unaonyesha upesi wa jambo lenyewe: wiki mbili tu, kwa vijana wazima.

Kwa nini maharage na matobolwa yaingie kwenye mazungumzo ya probiotiki? Kwa sababu vijidudu vinakula. Ukivimeza kila siku na huvilishi, vinapita kama wageni walionyimwa ugali. Chakula chao ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya nafaka, kunde na viazi ambayo utumbo wetu hauwezi kuisaga. Wao wanaisaga, wanatoa asidi fupifupi, na baadhi ya asidi hizo zinafika kwenye ini na zinadhaniwa kulipunguzia kasi ya kutengeneza mafuta. Wazee wengi wanasema jina la mji huu limetoka kwenye matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula cha kubeba safarini. Kama ni kweli, basi tunaishi katika mji wenye jina la chakula cha bakteria wema, na tunakula sembe nyeupe iliyokobolewa mpaka haina kitu.

Nifike kwenye jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Asali. Tabora ni asali. Misitu yetu ya miombo, mizinga yetu, heshima yetu. Mimi mwenyewe nimekua nailamba. Lakini nimekutana na wagonjwa walioacha sukari kwenye chai kwa ushauri wa daktari, wakahamia vijiko vinne vya asali, wakaamini wametii. Kwa upande wa ini, asali ni sukari. WHO inaihesabu pamoja na sukari za kupunguza, na nusu ya sukari yake hivi ni ile sukari ya matunda ambayo ini huigeuza mafuta kwa wepesi zaidi. Kijiko kimoja kikubwa kina karibu gramu 17 za sukari. Wanzuki ni asali iliyochachushwa ikawa kileo, basi imebeba mizigo miwili. Sisemi mchome mizinga. Nasema mwenye trigliseridi juu asali aiuze, ailambe siku ya sikukuu.

Soda ya chupa, mililita 350, ina sukari kama gramu 37, vijiko tisa vya chai. WHO ingependa mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Hapa ndipo penye nguvu ya kibuyu niliyowaambia mwanzoni. Mtu anayekunywa soda mbili kwa siku, akaziacha na kuweka bilauri mbili za mtindi usiotiwa sukari, ameliondolea ini vijiko 18, kila siku. Hata kama vijidudu vyote vingekufa mdomoni, bado angepata nafuu. Kwa hiyo yule anayetia sukari vijiko vitatu kwenye mtindi wake, au anayenunua yoghati ya rangi ya waridi yenye ladha ya stroberi, ameukata mkono aliokuwa akiuomba msaada.

Namna ya kuutengeneza kwa usalama ni rahisi. Maziwa mabichi yasinywewe wala yasigandishwe yakiwa mabichi. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe haviogopi kibuyu. Chemsha mpaka yafure. Yaache yapoe mpaka kidole chako kivumilie bila kuungua, vuguvugu tu. Tia vijiko viwili vya mtindi wa jana uliokuwa mzuri, koroga, funika, weka pasipo na upepo. Ukitia mbegu maziwa yakiwa ya moto umeiua. Asubuhi yatakuwa yameganda. Wenye shida ya kuharisha kwa maziwa yasiyogandishwa wengi wao huyavumilia yaliyoganda, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imeshaliwa. Mwenye kinga dhaifu sana au aliyelazwa na mipira kwenye mishipa mikubwa asitumie probiotiki za vidonge bila daktari wake kujua.

Na dawa mliyopewa msiiache kwa ajili ya kibuyu. Wengine trigliseridi zao zimepandishwa na kisukari kisichotibiwa, na tezi ya shingo iliyolegea, na figo, au na baadhi ya dawa. Hao wanahitaji sababu ishughulikiwe. Wengine wamerithi. Wote wanahitaji miguu. Mpagazi alikwenda na kurudi pwani kwa miguu. Sisi tunapanda bodaboda kutoka Kanyenye hadi sokoni. Mkilitaka darasa la mazoezi lisilo na ada, njia ya Kwihara ipo, nendeni mpaka kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, mrudi.

Ombi langu kwenu ni moja. Kila aliyefika miaka 40, na kila mwenye kisukari, presha au kitambi hata kama ni kijana, aende hospitali akaombe kipimo cha mafuta ya damu. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile kitu baada ya saa mbili, maji anaruhusiwa. Afike asubuhi kabla ya chai. Mtindi auache nyumbani umefunikwa, aunywe akirudi.